Zamu Yetu Haikugawanywa

Dada Felista,

Nilipanda basi kutoka Mombasa hadi kwenu ili niseme neno juu ya kaburi lako, na sikupewa nafasi. Mshereheshaji wenu alikuwa na ratiba yake: chifu, mwenyekiti wa kanisa, diwani, kisha diwani mwingine aliyemshinda yule wa kwanza, na kila mmoja akaapa kwamba alikufahamu vizuri. Nilimwendea mara mbili. Aliitazama kofia yangu, akaniambia kwa adabu kwamba wageni wa Pwani wangesemewa na mjomba wako anayeishi Kisumu. Nikanyamaza. Mimi, Felista, nikanyamaza. Ungekuwa hai ungecheka mpaka ushike mbavu.

Basi nayasema hapa, na kwa sauti ile ile uliyokuwa ukiniambia niipunguze.

Habari kubwa ni hii. Arobaini yako haijafika, walitaka kutugawanya tena. Bango lilibandikwa karibu na kantini: kuanzia mwezi unaofuata, watu wa Pwani zamu ya asubuhi, watu wa bara zamu ya jioni. Maneno yale yale uliyoyashinda miaka ile, karatasi mpya tu.

Najua unaikumbuka hadithi nzima, lakini niache niianze mwanzo, maana vijana walioajiriwa juzi wanadhani zamu yetu ilizaliwa hivi ilivyo. Haikuzaliwa hivi. Iliundwa, na wewe ndiye uliyeiunda, na sitakubali mtu aseme ilitokea tu.

Miaka ya themanini ikielekea mwisho, kiwanda chetu cha mikate pale Changamwe kilikuwa na zamu moja ya mchana yenye watu wa namna mbili. Sisi wa Pwani tulikula upande wa bomba la maji. Nyinyi wa bara mlikula upande wa ukuta wa tanuri. Katikati palikuwa na nafasi ambayo hata paka wa kantini aliivuka mbio. Sisi tulisema mmekuja kuchukua kazi zetu. Nyinyi mlisema sisi wavivu. Bakari wa tanuri na Njoroge wa upakiaji walikuwa hawasemeshani kabisa. Bakari akitoa mikate, hamwambii Njoroge. Njoroge akiiona, hajaiona. Mikate ikakaa kwenye trei ikitoka jasho mpaka ikalowa chini, na maduka ya Kisauni na Nyali yakatuletea irudi, yaani mikate iliyorudishwa.

Meneja wa wakati ule, yule mfupi aliyependa kuhutubia juu ya kreti, akasema dawa ni kututenga. Wengi walifurahi. Mimi nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimeshasoma vya kutosha kujua kwamba wafanyakazi wasioonana hawawezi kudai kitu kwa pamoja. Gawanya zamu kwa asili za watu, na kesho utakuwa na kamati mbili. Kesho kutwa mishahara miwili. Na yule wa mshahara wa chini ndiye atakayetumiwa kumtishia wa juu. Hayo niliyasema mkutanoni, mbele ya meneja. Nilisema juu ya mshikamano, juu ya historia, juu ya bandari na reli na waliozijenga. Watu wakapiga makofi. Na wewe ukanyoosha mkono, karatasi ya nta ya kufungia mikate ikiwa bado imekunata kwenye kidole.

"Shekhe Salim, umesema vizuri sana. Sasa hiyo mshikamano ikikuja, mimi nitaiona na nini?"

Nikakujibu kwamba utauona moyoni.

"Moyo ya nani? Ya Bakari? Mimi siwezi ona ndani ya Bakari. Niambie kitu ya macho."

Watu wakacheka Kiswahili chako. Bi Mwanakombo, ambaye watu wa Kisauni tunamjua kwa kutoacha kosa la mtu lipite, akakurekebisha: "Ni kitu cha macho, bibiye." Nawe ukamgeukia: "Haya mama, cha macho. Kitaje basi." Hakukitaja. Hakuna aliyekitaja, hata mimi niliyekuwa nimezungumza mpaka chai ikapoa.

Meneja ndiye aliyedhani anacho. Akasema tutahesabu malalamiko yanayotiwa kwenye sanduku la maoni. Yakipungua, uhusiano umekuwa bora. Ulitikisa kichwa pole pole. "Bwana meneja, mimi na mume wangu, siku tunanyamaziana ndiyo siku nyumba haina malalamiko hata moja." Wanawake wa pande zote mbili walicheka pamoja, na nadhani hilo lilikuwa jambo la kwanza ambalo zamu ile ililifanya kwa pamoja. Meneja akashuka kwenye kreti. Akatupa muda mpaka Idd, na sharti kwamba sisi wenyewe tumwambie atapima nini.

Ukaanza na jambo rahisi. Kila mmoja amkaribishe chakula mtu wa upande wa pili kabla ya mwezi kwisha. Mwezi ukaisha, ukauliza nani amekaribisha, mikono yote ikainuka. Mimi nilishaanza kujivuna. Ukauliza tena: nani amekula, au amelisha, kweli? Ukabaki mkono wako tu na wa Bi Mwanakombo, na wa Bi Mwanakombo haukuinuka kwa furaha.

Kisa kile sitakisahau. Ulikuwa umekwenda kwake Mtopanga Jumamosi mchana, ukapiga hodi, ukawakuta wanakula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Bi Mwanakombo akasema "karibu chakula", kama tunavyomwambia kila apitaye, hata mtoza kodi. Jawabu lake kila Mpwani analijua: unasema "starehe", unaweka mkono kifuani, unangoja barazani. Wewe ukanawa mikono ukaketi. Jumatatu Bi Mwanakombo alinivuta pembeni ya mashine yangu ya kukata mikate. "Salim, yule mwanamke kakaa kweli. Kakaa, wallahi. Nikampa kichwa cha samaki, nifanyeje?"

Na wiki iliyofuata akapita kwako pale Changamwe, ukamwambia karibu, akasema "starehe, dada", akaendelea na safari yake. Wewe ulikuja kazini macho mekundu. Ulidhani ameogopa sufuria zako. Nikakueleza, kwa urefu wangu wa kawaida, kwamba ile ni heshima, kwamba mimi humwambia hivyo hivyo shangazi yangu wa damu. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukaniuliza swali ambalo mpaka leo nalirusha kwa kila mtu anayejifanya anajua watu.

"Kama starehe ya heshima na starehe ya kunikataa zinafanana hivyo, mimi nitazitenganisha aje? Tumepima adabu, Salim. Adabu tulikuwa nayo tangu zamani, na bado hatupendani."

Ukaenda kulifikiria siku kadhaa. Uliporudi na jambo lako jipya, lilikuwa vyombo.

Ulisema: mgeni haoshi vyombo. Kwenu bara haoshi, kwetu Pwani haoshi. Mgeni akijaribu kuinuka na sahani, mwenye nyumba anamnyang'anya: wacha, wacha, wewe mgeni. Mtu anayeachwa aoshe, huyo si mgeni tena, na hilo haliwezi kufanywa kwa adabu, kwa sababu adabu inalikataza. Basi lengo likawa moja: kabla ya Idd, kila mtu wa zamu awe ameosha vyombo katika nyumba moja ya upande wa pili, na mwenye nyumba aje aseme mwenyewe kwamba alimwacha.

Wanaume waliruka. Kazungu wa kukanda unga alisema hajawahi kuosha kwa mamake, ataoshaje kwa mke wa mtu. Ukamjibu: "Basi anza kwa mamako, uzoee." Wenye dini wakanong'ona juu ya sufuria. Ukasimama juu ya benchi ukasema wazi kwamba anayeogopa aulize kwanza sufuria imepika nini, na anayeulizwa ajibu ukweli bila kununa, kwa maana swali la jikoni si tusi. Naliandika hili kwa fahari. Nimesoma vitabu vingi vya wenye elimu juu ya kuishi pamoja, na sijakutana na sentensi iliyonifaa kama ile.

Mimi niliosha kwako. Mumeo Wafula alikaa kwenye stuli akinitazama nikisugua sufuria ya ugali iliyoganda, akasema kwa upole, "Ndugu, hiyo unaibembeleza." Bi Mwanakombo alikuacha uoshe kwake baada ya kufuturu, na yeye mwenyewe alinisimulia kwamba alikaa akijishika mikono kwa nguvu, ili asikunyang'anye sahani. Watu walikwenda Bombolulu, walikwenda Magongo, wengine walivuka feri kwenda Likoni kwa ajili ya bakuli na vikombe. Na wanapoosha watu huzungumza. Mtu hawezi kusugua sufuria ya mwenzake dakika zote zile akiwa amenuna. Mgongo unauma, unaomba majivu, unaulizwa mtoto yule wa pili ameanza shule, na kabla hujamaliza umejua habari ambazo miaka ya kukaa benchi moja haikukupa.

Kazini ukaweka jambo la pili. Siku ya Idd, wa bara washike mashine zetu bila kuombwa. Krismasi, sisi tushike zenu. Hapakuwa na hotuba. Asubuhi ya Idd ile nilikuwa uwanjani kuswali, na baada ya swala nilipita kiwandani na kanzu yangu, kwa kuwa mimi siamini kitu mpaka nikione. Tanuri lilikuwa linawaka. Kwenye mashine yangu alisimama kijana wa Machakos, amevaa aproni yangu, inamfika magotini.

Lakini jambo lililomshinda meneja halikuwa hilo. Ulipokwenda kutoa taarifa nilikuwepo, na nilikuwa nimekushauri useme tumefaulu, basi. Ukasema: "Tumefika karibu wote. Bakari na Njoroge hawakufika. Njoroge alikwenda kuosha, Bakari akamfungia mlango. Hilo halikutimia." Nilikukanyaga mguu chini ya meza. Ukausogeza mguu wako. Meneja akasema, "Kama ungeniambia wote, nisingeamini hata mmoja." Mpango wa kutugawanya ukafa siku ile.

Tangu wakati huo nimegombana na watu wengi kwa ajili yako. Kuna wanaosema uhusiano ni jambo la roho, kwamba kuupima ni kuushusha. Nimewajibu magazetini na nitaendelea kuwajibu. Mtu anayesema upendo wake haupimiki mara nyingi ni mtu anayeogopa kukaguliwa. Mume anayempenda mkewe "kupita maneno" na hajui mguu wake upi unamuuma, huyo kapenda nini? Msimamizi anayesema wafanyakazi wake ni familia yake na hajui jina la hata mmoja wa zamu ya jioni, hiyo familia inakaa wapi? Wengine walikuja kutoka Nairobi na semina na ubao mweupe, wakatufundisha kuweka malengo, kana kwamba tulikuwa tukiwangoja wao. Mmoja aliandika kwamba lengo letu liwe kuinua moyo wa ushirikiano kwa asilimia kadhaa. Ulimuuliza, kwa heshima, asilimia moja ya moyo inafanana vipi akiiona mlangoni. Alifuta ubao.

Sasa nikwambie ya leo.

Homa ilikuchukua haraka mno, dada. Ijumaa ulikuwa unafunga mikate, ukimzomea Kazungu kwa kupanga kreti vibaya, na wiki iliyofuata tunabeba jeneza. Mahali pako pa upakiaji palikaa... Sitaeleza palivyokaa. Bi Mwanakombo hakumrekebisha mtu Kiswahili kwa muda mrefu, na hilo tu litakueleza.

Halafu likaja bango. Huu ni msimu wa kampeni, kila ukuta una picha, kila mtu ana kofia ya chama. Meneja wa sasa ni kijana mwenye tai, si mtu mbaya, ana hofu tu. Anasema joto la siasa litaingia kiwandani, bora atutenge kabla hatujashikana mashati. Na aliyempa moyo ni mtu wetu: Hamadi wa Likoni, katibu wa wafanyakazi wa kiwanda cha jirani. Yeye na mimi tumeandikiana matusi ya kistaarabu kwa miaka. Safari hii alisambaza waraka kwamba Mpwani akiwa na zamu yake ndipo atakuwa na heshima yake. Nilimjibu kwa kurasa ambazo watu wanasema zilikuwa kali. Zilikuwa kali. Zilistahili kuwa kali.

Mkutano ukaitwa. Wote walinigeukia mimi, nami nilikuwa na hotuba, unanijua. Kabla sijafungua kinywa akainuka Bakari. Bakari yule yule, mvi kichwa kizima sasa, ambaye mpaka leo hajamfungulia Njoroge mlango wake.

"Mimi na huyu hatupatani," akasema, akimwonyesha Njoroge kwa kidevu. "Hilo kila mtu analijua, hata marehemu alilisema ofisini. Lakini nikigonga trei mara moja, anajua mikate iko tayari. Nikigonga mara mbili, anajua imechelewa, alete watu. Nani kamfundisha? Hakuna. Miaka tu. Sasa nyinyi mtaniletea ndugu yangu wa Kisauni ninayempenda, asiyejua kitu, mikate ilowe. Mnipe adui yangu."

Njoroge hakuinuka. Alisema akiwa amekaa, kwa sauti ya kuchoka: "Na mimi nataka huyo huyo mzee mbaya."

Watu walicheka mpaka kijana wa tai naye akacheka, nami nikalia, na sioni haya kuandika hivyo. Kwa sababu niliona kitu ambacho hata wewe hukukipima. Ulitufikisha mahali ambapo hata lile ambalo halikutimia lilikuwa linafanya kazi.

Meneja akauliza: sawa, lakini atajuaje joto halijaingia? Nilikunja hotuba yangu nikaitia mfukoni. Nikamwambia: kuanzia leo mpaka kura zihesabiwe, ukirudi kutoka dukani hata mkate mmoja uliolowa kwa kuwa watu wa zamu hii hawakusemeshana, atugawanye, na mimi mwenyewe nitamshikia ngazi abandike bango. Bi Mwanakombo alinikata jicho. Lilikuwa jambo la hatari, nalijua. Mkate mmoja tu.

Kampeni zilikuwa za moto. Tulikuwa na watu wa vyama ambavyo havikuweza kukaa uwanja mmoja, na walifunga mikate meza moja. Kuna siku Kazungu na yule wa Machakos, kijana wa zamani, walibishana juu ya wagombea wao mpaka mate yakaruka, huku mikono yao ikipitishiana trei bila kukosea. Siku kura zilipohesabiwa, redio ilikuwa juu ya dirisha la kantini, nusu ya watu wanashangilia, nusu wamenuna, na tanuri linaendelea. Irudi zilikuja kama kawaida, mikate iliyobonyea garini, mikate iliyopitwa na siku. Mkate uliolowa haukuja. Juzi kijana wa tai alilibandua bango kwa mkono wake. Gundi ilikuwa imeshika, akakwaruza kwa kucha.

Zamu yetu haikugawanywa, Felista. Hilo ndilo ningetaka kulisema kwenu leo, mbele ya madiwani wale.

Mimi sijui kuaga. Dini yangu na yako zina maneno yake, na nimeyasema yote mawili, yako kanisani kimya kimya na yangu nilipokuwa peke yangu. Nakuombea upumzike mahali ambapo hakuna king'ora cha kuingia kazini. Wafula yuko mzima, anakula. Nimekwenda kuangalia, sikuuliza tu.

Na ahadi yangu ni hii. Kabla ya mwezi wa mfungo kuandama, nitakwenda Likoni kwa Hamadi. Sitakwenda kumpenda, na waraka wake bado ni upuuzi, nitamwambia hivyo nikiwa nimekaa kitini kwake. Lakini sitatoka nyumbani mwake mpaka nijue majina ya watoto wake wote, na yeye ajue ya wangu. Nikirudi na pungufu hata la jina la kitinda mimba, nitakuandikia kwamba halikutimia.

Ndugu yako wa mashine ya kukata,
Salim